Flashi haisomi: uirekebishe, uifomati au uokoe faili kwanza?

Umechomeka flashi, kompyuta imenyamaza. Au imelia, halafu kikajitokeza kijisanduku kinachokutaka uifomati diski kabla ya kuitumia. Kazi nyingi za watu hupotelea hapo. Flashi inakuwa imeugua tu na faili bado zimo. Zinakuja kufutika katika dakika kumi zinazofuata, mkono unapokimbilia kitufe cha kwanza kilicho mbele yake. Nimetengeneza kompyuta za watu kwa miaka mingi, na flashi zinazoniuma kuliko zote ni zile zinazonifikia baada ya mwenyewe kujaribu kila kitu.

Njia zilizopo ni nne: kurekebisha mfumo wa faili (mpangilio unaoiambia kompyuta kila faili liko wapi) kwa chkdsk, zana ya Windows, au nyingine ya aina hiyo, kufomati, kuokoa faili kwa programu, na kumpelekea fundi wa kuokoa data. Zote ni nzuri, kila moja kwa mgonjwa wake. Kinachotenganisha ni swali moja: humo ndani kuna kitu ambacho huna nakala yake popote? Kama hakuna, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kufomati, kazi itakwisha muda si mrefu. Kama kipo, usiandike chochote kwenye flashi hiyo, hata faili dogo la kujaribia, mpaka uwe umeamua.

Kwanza, kompyuta inaiona mpaka wapi?

Tunasema "haisomi" kwa maradhi yasiyofanana hata kidogo. Ukichomeka flashi, inapata umeme wa volti 5. Kisha inatoa ishara kwenye waya mmoja wa data kwamba ipo. Kompyuta inaiuliza wewe ni nani na wa aina gani, inaipa anwani, inauliza ukubwa wake, inasoma jedwali la patisheni (orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa), na mwisho kabisa inasoma mfumo wa faili. Safari inaweza kukatika popote hapo, na tiba inategemea imekatikia wapi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, angalia. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Kwenye Mac fungua Disk Utility. Kwenye Linux andika lsblk, uone orodha ya diski.

Kama haipo kabisa kwenye orodha, wala taa yake haiwaki, shaka ya kwanza iwe kwenye umeme na mguso. Jaribu tundu jingine, na kama ni kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma yaliyo kwenye ubao wenyewe. Toa habu (kifaa kinachogawa tundu moja la USB kuwa mengi) katikati: tundu la USB 2.0 hutakiwa kutoa hadi milliampia 500 na la USB 3.0 hadi 900, na habu isiyo na umeme wake inagawa kiasi hicho hicho kwa vyote vilivyochomekwa. Flashi ndogo huvumilia, lakini diski ya nje yenye sahani inayozunguka hugoma, ikatoa sauti ya kugonga gonga na kuzima. Kama kuna kebo, ibadilishe; kebo nyingine zimetengenezwa kwa kuchaji tu, ndani hazina nyaya za data kabisa. Halafu jaribu kompyuta nyingine. Haya yote hayahatarishi faili hata moja, ndiyo maana yanatangulia.

Angalia pia kichwa chenyewe cha flashi. Ukikigusa kwa upole kikacheza, au flashi ikaonekana ukiibana upande na kupotea ukiiachia, lehemu ya miguu ya plagi imeachia. Kwenye flashi ya USB 2.0 miguu ni minne: miwili ya umeme, miwili ya data. Hii ni habari njema kuliko inavyoonekana, kwa sababu chipu ya kumbukumbu ni nzima na fundi mwenye mkono mtulivu hulehemu upya miguu hiyo kwa muda mfupi. Ila acha kuibana bana. Kila unapoibana unaweza kung'oa njia za shaba kwenye ubao, na kazi ya lehemu ikageuka kazi ya darubini.

Kama kompyuta imelia na kusema haikitambui kifaa cha USB, na Device Manager (orodha ya vifaa kwenye Windows) inaonyesha alama ya mshangao na msimbo 43, maana yake umeme umefika lakini mazungumzo yameshindikana. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina lake, kiondoe, chomoa flashi, washa kompyuta upya, chomeka tena. Ikifanya hivyo kwenye kompyuta tatu tofauti, kidhibiti cha ndani ya flashi, chipu inayozungumza na kompyuta, ndicho kinachoumwa, na hakuna programu ya kuokoa itakayosaidia, maana programu zote zinapitia kwa kidhibiti hicho hicho.

Kuna hali inayodanganya wengi: flashi inaonekana, ina herufi yake (kama E:), lakini ukubwa wake ni sifuri, na Disk Management inaandika No Media. Hapo kidhibiti kinazungumza vizuri na kompyuta ila hakiifikii chipu ya kumbukumbu. Kuifomati haiwezekani, na watu hupoteza siku nzima wakijaribu programu moja baada ya nyingine. Hiyo ni ya fundi, au ni ya kutupa.

Ukiiona na ukubwa wake sahihi lakini haina herufi, umebahatika. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya patisheni, ipe herufi ambayo haitumiki, imekwisha. Mara nyingi herufi yake ilikuwa imechukuliwa na diski ya mtandao. (Na usishtuke flashi ya GB 8 ikisoma 7.45: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.)

Na kama inafunguka lakini folda zako zimegeuka kuwa njia za mkato, usibofye hata moja. Hicho ni kirusi kinachoficha folda halisi na kuweka vivuli mahali pake. Isafishe kwanza kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Folda zitarudi zilivyokuwa. Nimeona watu wakifomati flashi za namna hii wakidhani faili zimeliwa, ilhali zilikuwepo zote.

Inabaki ile hali ambayo uchaguzi una uzito: ukubwa ni sahihi, lakini mfumo wa faili unasomeka RAW, yaani Windows haiutambui, au Windows inasema diski ina hitilafu na inataka kuirekebisha.

Njia nne ubavu kwa ubavu

| Njia | Inaandika kwenye flashi? | Itumie ikiwa | Inachoweza kukugharimu |
|---|---|---|---|
| Kurekebisha | Ndiyo | una nakala ya faili, au umeshazitoa | majina, folda, vipande vya faili |
| Kufomati | Ndiyo | huhitaji kilichomo | kila kitu, kwa namna moja au nyingine |
| Kuokoa kwa programu | Hapana, ukihifadhi kwingine | ukubwa unaonekana sahihi | muda |
| Fundi wa data | Hapana | haionekani, au ukubwa ni sifuri | pesa |

Safu ya pili ndiyo ninayoitazama kwanza.

Kurekebisha au kuokoa?

Jina "kurekebisha" linatuliza moyo kuliko inavyostahili. Kazi ya chkdsk ni kuufanya mfumo wa faili uwe na mpangilio usiojipinga: kila klasta (kipande cha nafasi kwenye diski) iwe na mwenyewe, kila faili liwe na mwisho, kusiwe na mafaili mawili yanayodai sehemu moja. Ikikuta jina la folda linaloelekea kwenye takataka, inalifuta, na diski inakuwa safi. Kwamba jina lile ndilo lilikuwa njia pekee ya kufikia picha zako za harusi, yenyewe haijui.

Mwanafunzi mmoja aliniletea flashi ya GB 16 yenye tasnifu yake. Ilikuwa na FAT32, na kompyuta ilipomwambia ina hitilafu alikubali irekebishwe. Nilipoifungua nilikuta folda moja tu, FOUND.000, na ndani yake FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, kuendelea mpaka mia na kitu. Nilifungua mojawapo kwa kihariri cha heksa, programu inayoonyesha baiti za faili zilivyo: herufi mbili za mwanzo zilikuwa PK, ambayo ni alama ya zipu, na hati za docx kwa ndani ni zipu. Nikalibadilisha jina likaishia na .docx, likafunguka. Ilikuwa rasimu ya zamani. La pili likagoma, kwa sababu zipu huweka orodha ya yaliyomo mwishoni, na mwisho wa hati ile ulikuwa umekatiwa ndani ya CHK nyingine. Tulikesha tukiunga vipande, huyu akinisomea namba na mimi nikiunganisha. Sura tatu zilirudi. Ya nne hatukuipata, akaiandika upya.

Angekuja kabla ya kukubali, huenda majina ya mafaili yake yangekuwa bado yanasomeka, na kuyanakili kungechukua muda wa kunywa chai.

Lakini chkdsk isionewe. Ukiiendesha bila /f, yaani chkdsk E: peke yake, inaangalia tu na kukuambia ilichokiona, haigusi kitu. Na kwa flashi iliyochomolewa ghafla wakati wa kuandika, ambayo bado inafunguka ila inalalamika, chkdsk E: /f hufanya kazi nzuri sana, hasa kwenye FAT32 inayoweka nakala mbili za jedwali lake la mahali faili zilipo. Masharti ni kwamba uwe umeshanakili kila kinachonakilika kwenda kwenye diski nyingine. Kwa flashi iliyokwisha kuwa RAW, chkdsk yenyewe itakataa na kukuambia haifanyi kazi kwenye diski za RAW. Ikikataa, mshukuru. First Aid ya kwenye Mac na fsck ya kwenye Linux ni ndugu zake, na zinastahili tahadhari ile ile.

Kuokoa kunaanzia upande mwingine kabisa: flashi inasomwa tu, na kila kinachopatikana kinawekwa kwenye diski nyingine. Ninazozitegemea ni TestDisk na PhotoRec, zote za bure, zote kazi ya Christophe Grenier, na huja pamoja katika kifurushi kimoja. Watu huzichanganya, na tofauti yake ni kubwa.

TestDisk inatafuta muundo. Inaangalia jedwali la patisheni lililopotea, inatafuta nakala ya akiba ya sekta (kipande kidogo kabisa cha diski) ya kwanza (FAT32 huweka yake kwenye sekta ya 6, exFAT kuanzia sekta ya 12, NTFS mwishoni mwa patisheni), na ikiipata inakuonyesha folda zako zilivyokuwa, na majina yake. Hapo unaweza kuyanakili mafaili kwenda diski nyingine bila kuigusa flashi. Menyu zake ni za maandishi meupe kwenye giza, na zinaogofya mara ya kwanza. Zisome polepole. Chaguo lenye neno Write ndilo la kukaa nalo mbali hadi uwe umeshanakili.

PhotoRec haijali muundo. Inapita sekta kwa sekta ikitafuta nyuso za mafaili: picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, PDF huanza na %PDF, hati ya docx na ile PK yake. Inafanikiwa hata pale ambapo mfumo wa faili umefutika kabisa. Gharama yake ni majina na folda: utapata maelfu ya mafaili yenye majina ya namba, na video ndefu iliyokuwa imetawanyika vipande vipande inaweza kurudi ikiwa mbovu. Kwa picha za simu ni neema. Kwa hesabu za ofisi zilizopangwa kwa folda za kila mwezi, anza na TestDisk, na PhotoRec iwe ya mwisho.

Kuna hatua moja ambayo ningependa kila mtu aifanye kabla ya zote mbili, hasa kama flashi inasoma kwa kusuasua, inakatika, au inapata moto mkononi. Toa nakala yake kamili, sekta kwa sekta, kwa GNU ddrescue kwenye Linux. Inasoma kwanza sehemu zinazosomeka upesi, zile ngumu inaziruka na kuzirudia baadaye, na inaandika ramani ya ilikofika, kwa hiyo ikikatika unaendelea ulipoishia. Baada ya hapo unafanya majaribio yako yote kwenye nakala. Flashi inayokufa ina idadi fulani ya kusomwa iliyobaki nayo, na kuizungusha kwenye programu tano tofauti ni kuimaliza.

Kufomati

Kama umeshatoa ulichotaka, au humo hamkuwa na kitu, fomati bila woga. Ila jua kuna namna mbili. Kufomati kwa haraka kunaandika mfumo mpya wa faili juu na kuacha data ya zamani ilipo mpaka ifunikwe. Mtu aliyefanya hivyo kwa bahati mbaya bado ana matumaini, mradi asiandike kitu kingine. Kufomati kikamilifu, kuanzia Windows Vista, kunaandika sifuri kila mahali. Baada ya hapo hakuna TestDisk wala PhotoRec.

Disk Management ikishindwa, kuna diskpart, zana ya Windows ya kwenye dirisha la amri, na amri yake clean, ambayo inafuta jedwali la patisheni ili uanze upya. Inafanya kazi vizuri na haikuulizi mara mbili. Kabla ya kuichagua diski, andika list disk, soma ukubwa, chomoa flashi, andika list disk tena uone ni ipi iliyopotea, kisha ichomeke uhakikishe imerudi na namba gani. Nusu dakika hiyo ndiyo inayokulinda usisafishe diski kuu ya kompyuta.

Mfumo upi wa kuchagua? FAT32 inasomwa karibu na kila kitu, mpaka redio za magari na televisheni za zamani, lakini haikubali faili linalofika GB 4. exFAT, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006, haina kikwazo hicho, na Windows na Mac zote zinaisoma na kuiandika. Linux nayo iliiingiza kwenye kiini chake kuanzia toleo la 5.4 mwaka 2019, mwaka ule ule Microsoft ilipochapisha maelezo yake. NTFS ina daftari la mabadiliko linaloisaidia kuinuka baada ya kuchomolewa ghafla, ila Mac huisoma tu, haiiandiki. Mimi kwa flashi inayozunguka kati ya kompyuta tofauti naweka exFAT, nikijua kwamba kwa kawaida ina nakala moja tu ya jedwali lake, kwa hiyo kuitoa salama kabla ya kuichomoa kuna maana zaidi kuliko kwenye FAT32.

Na kuna flashi inayokataa kufomatiwa ikisema imelindwa isiandikwe, wakati haina swichi yoyote ubavuni. Vidhibiti vingi hujifunga hivyo vikiona chipu imechoka, ili kilichomo kiendelee kusomeka. Usihangaike kuifungua. Nakili kilichomo, kisha iache ipumzike moja kwa moja.

Fundi wa data

Mpelekee iliyogoma kuonekana, yenye ukubwa wa sifuri, iliyovunjika, au iliyoangukia majini, na mwambie ukweli wote wa ulichojaribu, pamoja na kile unachoona aibu kukitaja. Muulize kama atafanya kazi kwenye nakala, na kama atakurudishia flashi yenyewe ikishindikana. Flashi ya kawaida ina ubao wenye chipu zinazotenganishika, na fundi anaweza kung'oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma peke yake. Zile ndogo kabisa, zisizozidi ukucha, mara nyingi zimefinyangwa kuwa kipande kimoja. Kidhibiti na kumbukumbu vimo ndani ya plastiki ile ile, na kuzifikia ni kazi ngumu zaidi na ya gharama zaidi. Kwa sababu hiyo sizitumii kubebea kitu nisichokuwa nacho kwingine.

Kabla ya kuirudisha kazini

Flashi ikishapona, ijaribu ikiwa tupu. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote zinaijaza flashi kwa data inayojulikana kisha zinaisoma tena na kulinganisha. Jaribio hili linafichua pia flashi bandia, ambazo kidhibiti chake kimefundishwa kudai GB 128 ilhali chipu ni ya 8: mafaili ya mwanzo yanaingia salama, na yanayofuata yanaandikwa hewani. Ikipita jaribio lote bila kosa, iendelee na kazi. Ikitoa kosa hata moja, ivunje kabla hujaitupa, asije mtu akaiokota na kuiamini.